Chumvi ya Vidole Vitatu

2 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Homa ile ya Januari imeisha kweli, au umeamua tu kuacha kuitaja? Msalimie Fundi hapo chumba cha mbele, mwambie sketi aliyonishonea bado naivaa na zipu haijafa. Mimi ni mzima, ila vidole vinaniwasha mpaka ndani ya kucha, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unajua tangu nije huku kazi yangu kiwandani ilikuwa kuosha chupa. Mwezi uliopita Bosi alinihamishia chumba cha pilipili. Baba, kumbe nilikuwa sijui kitu. Nilidhani pilipili ni pilipili tu, inawasha, basi. Bosi aliishi Meksiko miaka mingi, ndiko alikojifunzia kazi hii ya pilipili ya chupa, na magunia yake yanatoka huko. Alinifungulia moja baada ya jingine nikabaki mdomo wazi. Kuna pilipili nyeusi, pana, imekunjamana, ukiivunja inanukia zabibu kavu. Kuna nyekundu ndefu ambayo ukiiinua dirishani mwanga unapita ndani yake na unaziona mbegu zimejipanga. Na kuna ya kahawia, ngumu, iliyokaushwa juu ya moshi. Ukifungua gunia lake, mtu aliye chumba cha pili anauliza nani anachoma kuni. Nilizishika zote kwa mikono mitupu, glovu ziko mfukoni nimezisahau.

Na kuonja kwenyewe kuna adabu yake. Unaweka tone moja kwenye kipande cha kiazi kilichochemshwa bila kitu kingine. Unafunga macho, humezi upesi. Kwanza inakuja siki. Kisha moshi. Kisha utamu mdogo ambao ukiukimbilia unapotea. Ukali unafika mwisho, polepole, unatoka nyuma ya koo kuja mbele, na ukishafika hakuna mtu anayeongea. Mara ya kwanza nilisahau niko kazini. Nilifungua macho nikashangaa kuona watu na ndoo.

Sasa sikiliza. Kila mmoja wetu ametakiwa atengeneze pilipili yake mwenyewe. Tarehe 20 Julai watakuja waonjaji watano kutoka nje, chupa zitakuwa na namba tu, bila majina. Itakayoshinda itaingia madukani na aliyeipika atashika sufuria kubwa, kazi ya kudumu. Sisi wengine mikataba yetu inaisha na msimu. Baba, naitaka hiyo sufuria kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Nimekutumia chupa ya kwanza. Nimepika kama ulivyotulea: anayepika hatii chumvi, kwa sababu aliyesimama kwenye mvuke tangu asubuhi ulimi wake umeshachoka. Chumvi ni ya mwonjaji. Huku kazi hiyo anaifanya mwenzangu mmoja tunayemwita Dada Mizani.

Nataka hukumu yako, ile ya miaka uliyosimamia jiko la hospitali. Najua hutanihurumia. Tangu nizaliwe sifa yako kubwa ni neno moja, "inalika," na nimelisikia mara mbili tu: mara moja ulimwambia marehemu mama, mara ya pili ulijiambia mwenyewe. Niandikie, usipige simu. Kwenye simu unasema "sawa sawa" halafu unakata.

Binti yako,
Kijiko


21 Machi

Mama yangu Kijiko,

Marahaba. Nashukuru kusikia u mzima, na pole kwa vidole. Mimi sijambo, kifua kimetulia. Nyumba ipo, paa lipo, Fundi yupo na kodi yake ya maneno mengi.

Pilipili yako imefika salama. Ni nzuri sana. Ni tamu ajabu, kila kitu kimekaa mahali pake, hasa chumvi. Chumvi umeipatia kabisa. Sina la kuongeza wala la kupunguza. Hongera sana mwanangu, wapelekee hao waonjaji bila wasiwasi wowote.

Fundi aliipaka kwenye mkate kama anapaka siagi. Nilimwonya. Alisimama, akaenda bombani, akafungulia maji akaweka ulimi chini yake. Aliporudi kwenye cherehani akashona mkono wa shati kwenye kola, na mwenye shati anakuja kesho.

Huyo huyo Fundi sasa ananitangazia mtaani kwamba nimezeeka, kwa sababu juzi maharagwe yaliungua mpaka sufuria ikawa nyeusi na mimi nimekaa hapo hapo jikoni. Nilikuwa nasikiliza redio. Mtu haruhusiwi kusikiliza redio?

Usiache kula vizuri.

Baba yako


9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na safari hii simaanishi kama watu wanavyoandika tu.

Barua yako niliisomea wenzangu kwa sauti. Walipiga makofi. Bosi akasema, "Baba yako ana maneno matamu." Hapo nikashtuka kidogo, maana hakuna mtu aliyewahi kukusingizia jambo hilo.

Jana nikafungua chupa niliyojiwekea, ya sufuria ile ile, ya siku ile ile. Nikaweka tone kwenye kiazi. Baba, haina chumvi. Sisemi imepungua. Haina hata chembe.

Nimeuliza mpaka nikaelewa. Siku ile Dada Mizani aliitwa nyumbani, mwanawe alikuwa ameanguka. Mimi nikapika, nikaacha chumvi, nikijua ataitia akirudi. Yeye akarudi akakuta wenzetu wameshazifunga chupa, akajua nimetia mwenyewe kama wafanyavyo watu wote duniani. Kosa kama hilo linaweza kufanywa na mtoto wako peke yake.

Lakini kosa langu silo lililoninyima raha. Wewe ndiye uliyerudisha supu ya wodi nzima kwa sababu ya kijiko kimoja cha chumvi, wagonjwa wanagonga sahani, daktari mkuu amekuja mwenyewe jikoni, na wewe umesimama mlangoni na upawa. Mtu huyo ameonja pilipili isiyo na chumvi akaandika "umeipatia kabisa."

Labda hukuionja, ukaamua kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hilo lingeniudhi, ningekununia wiki mbili, basi. Au labda uliionja na hukujua. Nimeyafikiria yale maharagwe. Redio haizibi pua ya mtu.

Baba, una nini? Niambie ukweli, hata kama ni mbaya.

Kijiko


4 Mei

Baba,

Shikamoo tena. Naandika hii juu ya ile usiyoijibu.

Nilimpigia Fundi. Ameniambia unatembea, unaoga, unagombana na redio, kwa hiyo ugonjwa wa kitandani haupo. Akasema pia kwamba umekonda na kwamba ile chupa yangu umeificha chumbani kwako. Sijui nifikiri nini.

Sijakasirika. Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao,
Kijiko


12 Mei

Kijiko, mama yangu,

Marahaba zote mbili. Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua zako ziko chini ya redio, na nimezisoma mpaka karatasi imelainika.

Ulimi wangu umekufa, mama. Na pua pia. Homa ilipoondoka nilisimama nikapika chai, nikaionja, maji ya moto. Nikaongeza majani. Maji ya moto. Nikatia sukari mpaka kijiko kikasimama chenyewe katikati ya kikombe, na bado ni maji ya moto. Tangu siku hiyo mkate ni sifongo, na yai ni kitu kinachoteleza tu. Nilikwenda kwenye ile ile hospitali niliyoipikia. Daktari akasema huenda vitarudi, huenda visirudi, tusubiri. Nimesubiri. Nakula kwa kuangalia saa, maana tumbo nalo limeacha kuniita.

Sikumwambia mtu. Wapishi wa mtaani bado wananiletea mabakuli niwaonjee kabla ya shughuli zao. Naonja, nafunga macho, nasema, "Ongeza chumvi kidogo." Kwa wapishi wengi hilo ni kweli, kwa hiyo sijakamatwa. Wakiondoka nafunga mlango na kuona haya, na zaidi ya haya, naogopa. Mimi si msomi, si tajiri, sikuwahi kuwa mzuri wa sura, mama yako alikuwa shahidi. Mimi nilikuwa ulimi. Ukiuondoa huo sijui kinachobaki ni nini.

Chupa yako ilipofika nilijua siwezi kuihukumu. Nikaandika yale ambayo watoto wa watu hupenda kuandikiwa. Nilisahau kwamba wewe ni mtoto wangu mimi.

Lakini kuna jambo, na hili ni kweli tupu. Siku ile nilitia tone kwenye mkate kwa kutimiza wajibu tu. Siki haikuwapo. Moshi wako sikuuona. Nikameza, nikaanza kuufunga mkate uliobaki. Ndipo ikaja. Ilianzia nyuma ya koo kama ulivyosema, ikapanda, ikafika kwenye midomo, masikio yakapata moto, jasho likanitoka kichwani ambako hata nywele hazipo. Kijiko, tangu Januari hakuna kitu kilichoingia kinywani mwangu kikasema, mimi hapa. Nilishika meza kwa mikono miwili. Niliungua na nilifurahi kuungua, nikacheka peke yangu mle jikoni mpaka Fundi akaja kuchungulia.

Sasa naweka tone asubuhi, mchana na jioni. Ndiyo maana chupa iko chumbani, Fundi asije akaimaliza. Anasema nitatoboka tumbo. Fundi kwa kutia chumvi hajambo, angalau nyumba hii ina mtu mmoja bado anayeiweza kazi hiyo.

Kwa shughuli yako tafuta ulimi mwingine, mama. Huu usiungojee.

Baba yako


1 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, umeshanieleza, na ninakushukuru.

Nililia. Kisha nikafika kwenye kijiko kilichosimama ndani ya chai nikacheka, kisha nikalia tena. Dada Mizani aliniletea maziwa baridi, alidhani ni pilipili.

Nilimweleza Bosi, usinikasirikie. Alisema ukali si ladha. Ladha ina njia zake na harufu ina njia yake, lakini ukali unapita kwenye njia ya maumivu, ile ile inayokuambia umeshika sufuria ya moto. Homa imefunga milango mingine, huo ukaachwa wazi. Halafu akanieleza kwamba huko alikojifunzia alimjua mwonjaji mmoja aliyepotewa na pua karibu mwaka mzima ikarudi. Haikurudi kwa mkupuo. Alikuwa ananusa vitu vilevile vinne kila asubuhi na kila jioni, polepole, huku akivifikiria, kama mtu anayeita jina la mtu mlangoni kwake. Kwa wengine hairudi, baba, hilo pia alilisema. Lakini kunusa hakuna hasara.

Ndani ya kifurushi kuna mifuko minne: karafuu, kahawa, maganda ya ndimu niliyoyakausha mwenyewe, na ile pilipili ya moshi. Usiruke hata siku moja, na usimwachie Fundi akusaidie kunusa.

Kuna na chupa ya pili. Hii nimeipika upya, nyanya nimezichoma mpaka ngozi ikawa nyeusi, kitunguu saumu nimekipunguza, pilipili nyeusi nimeiongeza. Dada Mizani anasema akiionja anasikia nywele za mikononi zinasimama. Haina chumvi, na safari hii nimefanya makusudi. Kwenye maelezo yangu ya mapishi kila kitu kimeandikwa isipokuwa chumvi.

Chumvi ni yako. Umesema nitafute ulimi mwingine. Sitafuti. Tarehe 20 Julai ikifika na hujaniandikia kiasi, nitapeleka chupa isiyo na chumvi, na waonjaji watanicheka, na nitarudi nyumbani tukae wote wawili tunywe maji ya moto.

Kijiko wako


30 Juni

Wewe Kijiko,

Marahaba, ingawa hustahili. Hivi ni adabu gani hii, mtoto kumtishia baba yake kwa kazi yake mwenyewe? Ukaidi huo umeurithi kwa mama yako. Nilikaa siku tatu sikuigusa mifuko yako kwa hasira.

Siku ya nne nikaanza. Asubuhi karafuu, hakuna kitu. Kahawa, hakuna. Ndimu, hakuna. Pilipili, hakuna, ila kupiga chafya. Jioni hivyo hivyo. Ilikuwa kazi ya kijinga kabisa. Nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Fundi aliniuliza kama nimeingia kwenye uganga. Nikaendelea kwa sababu ya tarehe yako, si kwa sababu ya imani.

Sasa nikueleze ya Alhamisi.

Nilikuwa nimemaliza kunusa, mifuko iko mezani, nimeshasimama kuosha kikombe. Mara nikajua nyumba inaungua. Nakuambia nilijua. Nilikwenda mbio kwenye jiko, maharagwe yapo salama, yanachemka taratibu. Nikaenda chumbani, nikainua godoro. Nikaingia kwa Fundi bila hodi nikamfokea azime pasi, akaniambia pasi haijawashwa tangu jana, umeme hakuna. Nikatoka barabarani nikatazama paa, watu wakaanza kutazama paa pamoja nami. Jirani akauliza, "Mzee, kuna nini?" Nikasema, "Moshi! Hamsikii moshi?" Wakanusa wote. Wakasema hakuna moshi, mzee.

Nikarudi ndani taratibu. Kila hatua kuelekea mezani unazidi. Nikainama kwenye mfuko wako ule wa kahawia.

Mama, ulikuwa humo.

Sijui niuandikeje. Ulikuwa mwembamba, unakuja na kukatika. Lakini ndani yake kulikuwa na kuni, na kulikuwa na jiko la kwanza nililofanyia kazi kabla hawajaleta gesi, na kanga za mama yako akitoka kuota moto. Mimi nimepika maisha yangu yote na sikuwahi kuushangaa moshi. Tulikuwa tunaufukuza kwa sahani. Nilikaa kwenye kiti na ule mfuko usoni nikalia bila kujificha, na Fundi amesimama mlangoni na futi yake shingoni. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo nyumba haiungui?" Nikamwambia haiungui.

Tangu hapo moshi uko nami kila siku, asubuhi zaidi. Juzi ndimu nayo ilinigusa, nikaiona kwenye taya kabla ya pua. Siki ya chupa yako naijua sasa. Utamu bado. Chumvi bado, chumvi ni kimya kabisa. Nimejaribu kuilamba kwenye kiganja kama ng'ombe, nahisi mchanga tu.

Usiahidi watu kitu kwa jina langu. Lakini naendelea.

Baba yako


10 Julai

Kijiko,

Marahaba mwanangu. Naandika kwa haraka, Fundi anakwenda mjini na ndiye anayeipeleka barua.

Leo nilifanya kama tulivyokuwa tukifanya jikoni. Nilivaa aproni. Nilimimina pilipili yako upawa mmoja kwenye bakuli jeupe, nikachemsha kiazi. Nikatia chumvi ya vidole viwili, nikakoroga, nikangoja, nikaonja. Moshi, siki, ule utamu wako wa zabibu ambao umekuja juzi na kunitoa jasho kwa furaha, lakini vyote vimetawanyika, kila kimoja kivyake. Nikatia ya vidole vitatu. Nikangoja, nikaonja.

Vikakaa pamoja. Sina namna nyingine ya kusema. Vikageuka vyote vikanitazama.

Kwa hiyo: kwa upawa mmoja uliojaa, chumvi ya vidole vitatu juu ya ile ya viwili, wala usizidishe. Vidole vyangu unavijua ukubwa wake.

Lakini nikuambie ukweli kama ulivyotaka. Sina uhakika. Nimetia chumvi kwenye vyakula maisha yangu yote, mkono wangu unajua pa kusimama hata nikiwa nimelala. Sijui kama nimeionja au nimeikumbuka. Nimejaribu kuvitenganisha nimeshindwa. Kama ni kumbukumbu tu, nitakuwa nimekuangusha mbele ya watu.

Amua mwenyewe. Ukimwachia huyo dada yenu wa mizani sitanuna.

Baba yako


26 Julai

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kaa kwenye kiti kwanza. Mwite Fundi umsomee, maana najua amesimama mlangoni.

Barua yako ilifika siku tatu kabla. Niliisoma nimesimama langoni. Nilimwonyesha Dada Mizani, akatia kwenye bakuli kiasi chake, nikatia kwenye bakuli jingine kiasi chako. Nilivikumbuka vidole vyako, nikatumia vidole vya bwana wa stoo, vinafanana. Sikuonja. Ulimi wangu ulikuwa umeshachoka, na nilikuwa nimeshaamua. Nikachukua lako.

Waonjaji walikaa kwenye meza ndefu ya kitambaa cheupe, madirisha yote wazi, mbele ya kila mmoja viazi, maziwa baridi na bakuli la kutemea. Sisi tulikuwa nyuma ya kioo, tumebanana. Kulikuwa na mzee mmoja mwanamke aliyevaa miwani myeusi, na baba mmoja mnene aliyekuwa anatoka jasho kabla hata ya kuanza. Walionja, wakatema, wakaandika, wakanywa maziwa. Namba moja, namba mbili, hivyo hivyo. Baba mnene alikuwa anachora pembeni ya karatasi yake.

Yangu ilikuwa namba kumi na moja.

Waliweka kiazi mdomoni. Wakafunga macho. Nilihesabu kimoyomoyo: siki, moshi, utamu. Baba, hakuna aliyetema. Hakuna aliyeandika. Baba mnene aliweka kalamu chini. Nikaona ukali unafika kwao mmoja baada ya mwingine, nyuso zinabadilika rangi, na bado wamefunga macho, watu wazima watano wamekaa pale kama watoto wanaosubiri kuambiwa wafungue. Yule mzee alivua miwani. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hayafuti. Kwa mara ya kwanza nilimwona Bosi amejishika mdomo.

Kisha yule mzee akanyoosha mkono akachukua kiazi cha pili. Dada Mizani akaninong'oneza, "Huwa hawachukui cha pili."

Nimeshinda, baba. Sufuria ni yangu. Baadaye waliniita mbele na yule mzee akauliza swali moja tu: chumvi ametia nani? Nikasema, baba yangu. Akasema nikusalimie.

Tumeshapika sufuria kubwa ya kwanza. Nimekuwekea chupa ya madukani, na lebo yake na kila kitu. Dada Mizani alitaka kuongeza chumvi kidogo kwa ajili ya wateja, anasema watu wa madukani wanaipenda, lakini nimemkataza. Hii uliyonayo mkononi ni kiasi chako kile kile ulichoniandikia.

Sijakuuliza kuhusu ulimi. Naogopa kuuliza. Wewe ndiwe utakayeniambia, ukipenda, au usiniambie kabisa. Nitakutumia chupa kila sufuria, hata kama itabaki kuwa ya kukuunguza tu.

Binti yako mwenye sufuria,
Kijiko


15 Agosti

Kijiko,

Marahaba. Sisi wazima. Fundi anakupa hongera, amebandika lebo yako kwenye cherehani. Huyo mzee wa miwani msalimie pia.

Chupa imefika. Nimeitikisa, nimeionja kwa kiazi, saa nne asubuhi, kabla sijala kitu.

Nani ametia chumvi hii? Usiniambie ni kiasi changu. Nilikuandikia vidole vitatu juu ya viwili. Hapa kuna mtu ameongeza, si nyingi, vidole viwili hivi kwa kila upawa, lakini imeongezwa. Inafika mapema mno. Moshi haujakaa vizuri chumvi imeshauvamia, na ule utamu wa zabibu umefukuzwa kabisa. Dada yako wa mizani hakukusikia ulipomkataza, au alisikia akangoja ugeuke. Kabla ya kunibishia nenda kafungue chupa ya sufuria ile uonje mwenyewe. Nilimwonjesha na Fundi, akasema haoni tofauti, lakini Fundi ni fundi wa nguo.

Nimeonja mara tano, mama. Mara tano nimeikuta pale pale, na chumvi ambayo sikuitia siwezi kuikumbuka.

Mwambie huyo dada apunguze. Sufuria ni yako sasa, simama mlangoni na upawa wako, hata waje wakubwa gani. Watu watakula kitu chenye jina letu.

Ukiitoa hiyo chumvi iliyozidi, inalika.

Baba yako